Mgeni Asiyejua Kuomba Chumvi

Siku ya nne tangu Venla ahamie kwetu Kiwanjani, nilirudi kutoka chuoni saa tisa nikamkuta amejinyoosha kwenye sakafu tupu, kichwa juu ya kamusi, mikono kifuani kama askofu anayengoja kuzikwa.

"Godoro lako liko wapi?" nikamuuliza.

"Mama mmoja aliliomba."

"Mama gani?"

"Sikumuuliza jina. Alikuwa anapita. Alichungulia mlangoni, akasema ni godoro zuri, nipe."

"Na wewe ukampa."

"Alisema nipe," Venla akasema, kwa Kiswahili chake kisafi cha kitabuni, kama mtu anayeeleza kwamba kuna matope kwa sababu mvua imenyesha.

Nilitoka nje, nikakaa juu ya mtungi wa maji, nikacheka mpaka Kathambi, anayeuza sukuma wiki mbele ya geti letu, akaniuliza kama ni kifafa.

Venla ni Mfini. Kwao ni mbali huko juu ambako ziwa linaganda hadi watu wanaendesha gari juu yake. Chuo kikuu chake kilimtuma Isiolo muhula mmoja asomee ufugaji, na chuo cha hapa kikatafuta familia ya kumpokea. Tangazo likasomwa kanisani. Mama yangu, Jennifer, ambaye anafagia ofisi za kaunti na hapendi kupitwa na jambo, aliinua mkono kabla swali halijaisha. Alifikiri wanatafuta mtu wa kupika chai ya semina. Ndivyo tulivyopata mgeni mwenye urefu wa mlango, mabegi matatu, na gambuti nyekundu katika mji ambao mvua yake unaweza kuihesabu kwa vidole.

Sasa lazima nieleze jambo moja, la sivyo mtamwona Venla mjinga, na hakuwa mjinga.

Sisi Waturkana tunaomba. Ukikutana na mtu unayemjua, humwambii habari tu ukapita kama unapita nguzo ya stima. Unamtazama vizuri, unachagua kitu kimoja alicho nacho, unamwambia nipe. Nipe hiyo kofia. Nipe hiyo shuka. Maana yake ni kwamba nimekuona, umependeza, wewe ni mtu wangu. Naye hakupi. Anakwambia kofia ni ya shemeji yake, au anakwambia uje kesho, au anakutazama miguuni na kuomba viatu vyako. Mnacheka, mnaulizana habari za watoto, kila mtu anaenda na vitu vyake. Mara moja moja mtu anatoa kweli, na siku hiyo wote wawili wanajua kwa nini. Ila neno "hapana" halimo. Mtu akikwambia hapana, ujue mmekosana tangu zamani na hukuwa na habari. Hata Kathambi, Mmeru aliyeshuka kutoka Maua miaka kumi na miwili iliyopita bila kujua lolote kati ya haya, siku hizi anaomba kutushinda. Mimi ameniomba nywele.

Venla alisikia nipe, akatoa.

Wa kwanza baada ya yule mama wa godoro alikuwa Ata Natabo, bibi kizee wa nyumba ya tatu, ambaye anakuja kwetu kila asubuhi kuangalia kama tumeamka. Alimkuta Venla uani na kofia yake pana ya kitambaa.

"Ejok," Ata Natabo akasalimia. "Nipe hiyo kofia."

Venla akaivua, akaikunguta vumbi, akampa kwa mikono miwili.

Ata Natabo aliishika kofia kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ashike kidogo na mama mtu akaondoka. Alikuwa amekuja na maongezi ya nusu saa. Alikuwa na habari za mwanawe wa Lodwar, na goti lake, na jinsi kwaya ya akina mama ilivyoharibu wimbo wa Jumapili. Akarudi nyumbani na kofia na habari zake zote, na asubuhi iliyofuata hakuja.

Kisha akaja Ekaale wa bodaboda. Aliomba zile gambuti nyekundu kwa mzaha, huku pikipiki inanguruma, tayari kuondoka. Kabla hajaachilia klachi zilikuwa ziko kwenye tangi la mafuta. Na kwa sababu mtu akikupa kitu mbele ya stendi nzima huwezi kukitupa, Ekaale akaanza kubeba abiria akiwa amevaa gambuti za msichana, kwenye joto la Isiolo, saa saba mchana.

Mtaniuliza kwa nini sikumweleza Venla desturi mapema. Ni swali zuri. Siku ya pili tu, kabla ya kofia na kabla ya gambuti, mimi mwenyewe nilimwambia, "Nipe hiyo tochi ya kichwani." Mdomo uliteleza tu. Akanipa. Ni tochi ya ajabu, inavaliwa kama taji, stima ikipotea unasoma ukurasa wote bila kushika kitu. Ningemweleza desturi, ningelazimika kuirudisha. Nikajiambia kwamba desturi ni jambo zito, halifai kuelezwa haraka haraka. Wiki nane zikapita hivyo, na nyumba yetu ikaendelea kuwa nyepesi.

Na watu wakaanza kumkwepa. Hilo ndilo Venla hakulielewa. Kathambi akimwona anakuja, anainama nyuma ya nyanya. Nani atamsalimia mtu ambaye ukimsalimia unarudi nyumbani na mzigo? Venla aliandika kwenye daftari lake, nililisoma: Watu wa hapa ni wakarimu lakini hawasemi sana. Sisi, tusioisha maneno.

Lakini hizo zote zilikuwa kofia na gambuti. Jambo lenyewe lilikuwa mbuzi.

Kazi ya Venla muhula ule ilikuwa mbuzi mmoja. Profesa wake, anayeitwa Pentti, alikuwa na mbuzi saba kwenye utafiti wake. Sita walikuwa Kulamawe, kwa wafugaji wa kweli, kwenye nyasi na upepo. Wa saba alitakiwa kuwa mbuzi wa mjini, na huyo alikuwa wa Venla. Alimnunua sokoni akiwa mdogo, mweupe, na jicho moja lenye dharau, na hakumpa jina. Alimwita Namba Saba. Shingoni alimfunga mkanda wenye kifaa kinachoongea na setilaiti, mkanda unaofungwa kwa ufunguo mdogo ambao Pentti aliuweka mfukoni mwake akarudi nao Ufini. Kila hatua ya Namba Saba kwa siku sitini ilikuwa inaonekana kwenye kompyuta kama kidoti cha buluu. Venla alikuwa akimfuata nyuma na kalamu. Saa nne na dakika kumi: amekula boksi la sabuni. Saa nne na dakika ishirini: amekula tangazo la kaunti la kukusanya maoni ya wananchi. Saa tano: amelala, anaonekana kuridhika.

Siku ya sitini ilikuwa Jumamosi. Pentti angekuja mwenyewe, angempima Namba Saba uzito, angefungua mkanda. Mbuzi asipokuwepo, utafiti wa wote saba unaharibika na Venla anarudia mwaka mzima. Aliniambia hivyo mara nyingi, kwa sauti ile ile aliyotumia kusema kwamba chai ina moto.

Jumatano, siku ya hamsini na saba, Apa Ekitela akapita.

Apa Ekitela ni mzee wa mtaa wa Chechelesi, anajulikana na mji mzima, mwembamba kama fimbo yake, na haendi mahali bila ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wazee wetu hukalia mchana na kukilazia kichwa wakichoka. Alikuwa anatoka sokoni. Alisimama kwenye geti letu kumsalimia mama, mama hakuwepo, basi akasalimia kilichokuwepo. Mimi nilikuwa naosha vyombo, povu mpaka kwenye viwiko. Venla alikuwa ameshika kamba, Namba Saba upande wa pili wa kamba anatafuna kandambili.

Apa Ekitela akamtazama mbuzi kuanzia pembe mpaka mkia.

"Mbuzi mzuri," akasema. "Nipe."

Akatabasamu, akingoja jibu. Jibu lolote lingefaa. Venla angesema mbuzi ni mgonjwa wa tumbo. Angesema nipe wewe fimbo.

Venla akanyamaza. Wafini wakifikiri wananyamaza mwili mzima, kama redio iliyoishiwa betri. Nilihesabu sufuria tatu. Kisha akanyoosha mikono miwili na kuiweka kamba kwenye kiganja cha mzee.

Tabasamu la Apa Ekitela likabaki usoni bila kazi. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia povu. Mzee angefanya nini, angemkataa mbuzi aliyetolewa kwa mikono miwili? Akasema asante, akasafisha koo, akaenda zake polepole, akigeuka nyuma kila hatua kumi kuona kama ataitwa. Hakuitwa.

"Venla," nikasema, "umefanya nini?"

"Ameomba," akasema. "Ni mzee. Ana kigoda na fimbo tu. Mimi nina kompyuta."

Kisha akaingia ndani, akatengeneza kahawa, akainywa akiwa amesimama. Chozi moja likatoka. Moja tu, la upande wa kulia. Kwa Mfini nadhani hayo ni maombolezo.

Kompyuta ilitueleza yaliyobaki. Kidoti cha buluu kilivuka barabara kuu, kikasimama kidogo karibu na duka la chakula cha mifugo, kikaingia Chechelesi, kikatulia. Mama aliporudi jioni akakitazama kile kidoti, akashika kiuno.

"Hapo ni kwa Ekitela," akasema. "Na Ijumaa saa sita wakwe wanafika kutoka Lodwar. Jumamosi msichana wake anaolewa. Unajua wakwe wanakula nini?"

Venla akakitazama kidoti. Alijua.

"Twende tumwambie ukweli," nikasema. "Tumwambie ni mbuzi wa shule."

"Umwambie Ekitela, mbele ya wakwe, kwamba amechukua mbuzi wa shule?" Mama alinitazama kama uchafu uliorudi baada ya kufagiwa. "Atamrudisha, ndiyo. Na hatakanyaga hapa tena mpaka nife, na kwenye matanga yangu atakaa nje. Alichopewa ni chake. Huyu msichana akimtaka mbuzi, aombe kama watu."

"Siwezi," Venla akasema.

"Huwezi nini?"

"Kuomba." Akaweka kikombe chini. "Kwetu ukikosa chumvi, unakula bila chumvi. Kuna jirani yangu tumekaa mlango kwa mlango miaka sita. Siku moja nilijifungia nje bila funguo, kwenye baridi. Nilikaa kwenye ngazi kwa muda wa saa nne nzima. Yeye alikuwa ndani, nilisikia redio yake."

"Na hukubisha?" mama akauliza.

"Ningemsumbua."

Mama akakaa. Nimemwona mama akipokea habari za ukame na za vifo, lakini hiyo ya ngazi ilimshinda. "Akidor," akaniambia, "kesho usiende chuo. Mfundishe huyu mtoto wa watu."

Alhamisi asubuhi tukaanza na mimi.

"Angalia nilicho nacho, chagua, sema nipe," nikamwambia.

Venla alikitazama chumba chote kwa makini. Nikapata muda wa kusuka nusu ya kichwa.

"Samahani," akasema, "kama haitakusumbua, na kama wewe mwenyewe huitumii kwa wakati huu, je, inawezekana..."

"Nani amekufa? Sema nipe."

"Nipe," akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi, "tochi ya kichwani."

"Tochi siyo yangu. Ni ya rafiki yangu mmoja wa ng'ambo."

"Ni yangu mimi," Venla akasema.

"Ndiyo huyo."

Akaniangalia. Nikaona kitu kinazunguka polepole nyuma ya macho yale ya buluu. Na hapo, baada ya wiki nane na siku mbili, nikamweleza yote, ya kofia na ya shemeji na ya njoo kesho. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Ata Natabo hakutaka kofia."

"Alitaka kuongea juu ya goti."

"Na yule mama wa godoro?"

"Huyo hatujui. Huyo labda alitaka godoro."

Akafungua daftari, akakata mistari mingi sana.

Tukaenda kwa Kathambi. Kathambi alipotuona akaanza kuinama nyuma ya nyanya, lakini alikuwa amechelewa.

"Habari," Venla akasema. Akapumua. "Nipe kabichi."

Kathambi akainuka taratibu. "Kabichi?"

"Ndiyo. Hiyo kubwa."

"Hii kabichi," Kathambi akasema, na uso wake ukaanza kufunguka kama duka asubuhi, "hii ni ya mwalimu wa watoto wangu. Amelipa. Kwanza nipe wewe hiyo pua, yangu imechoka."

"Pua ni ya baba yangu," Venla akasema.

Kathambi alipiga meza hadi nyanya mbili zikaanguka. "Nyinyi, njooni. Mzungu ameamka." Akampa karoti, akampa kitunguu, akamlazimisha kukaa kwenye kreti, akamweleza kwa kirefu kuhusu dada yake wa Maua ambaye hafai. Saa nzima. Venla alitoka hapo ametokwa jasho, amejaa furaha, na karoti mfukoni.

Ijumaa saa tatu tukaondoka kwenda Chechelesi. Venla alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na alikuwa anatembea huku midomo inacheza, kama mtu anayekariri Baba Yetu. Stendi ya bodaboda tukamkuta Ekaale na zile gambuti nyekundu.

"Sasa Ekaale," Venla akasema. "Nipe hizo gambuti."

Ekaale hakutafuta shemeji wala kesho. Alikaa chini pale pale kwenye lami na kuanza kuzivuta.

"Manze, wiki saba," akasema. "Wiki saba nangoja mtu aniombe hizi vitu. Bibi yangu hataki nilale ndani. Miguu imeiva, ukiweka chumvi unakula. Chukua. Chukua na soksi."

"Soksi ni zako," Venla akasema.

"Chukua na hizo."

Harufu iliyotoka ilitufuata mpaka tulipovuka barabara. Ata Natabo hatukuhitaji hata kumfuata nyumbani, tulikutana naye njiani, kofia kichwani. Venla akaiomba. Ata Natabo akasema hawezi kuitoa, ni ya mzungu mmoja mrefu, akirudi atamwambia nini. Kisha akacheka kicheko kilichokuwa kimekaa tumboni tangu wiki ya kwanza, akageuza safari, akatufuata Chechelesi, na goti likaanza kusimuliwa kuanzia lilipoanza kuuma.

Saa tano kasoro tulifika kwa Apa Ekitela. Uani kulikuwa na shughuli. Wanawake wanapepeta mchele, turubai linafungwa, na vijana wawili wananoa visu kwenye jiwe. Namba Saba alikuwa amefungwa kwenye nguzo karibu na vile visu, amezungukwa na maganda ya viazi na maharagwe na nusu ya chapati, anakula kama anayelipwa. Mkanda wake shingoni ulikuwa unawaka taa ndogo ya kijani. Baadaye nilisikia kwamba wale wanawake walidhani ni pambo la harusi.

Apa Ekitela alikuwa amekaa kwenye ekicholong chake kivulini mwa turubai, wazee wanne kando yake. Alipomwona Venla, akajiweka sawa.

"Ejok, Apa," Venla akasema.

"Ejok noi. Mmeamkaje?"

Hapo ndipo alipotakiwa kumwangalia mbuzi. Tulikuwa tumefanya mazoezi. Unaangalia mbuzi, unamsifu, unasema nipe. Lakini Venla aliona visu, akaona wazee watano wanamkodolea macho, akasahau kila kitu. Macho yake yakaanguka chini, kwenye kitu cha kwanza yalichokikuta.

"Kigoda kizuri," akasema. "Nipe."

Wale vijana wa visu wakaacha kunoa. Mwanamke hakalii ekicholong, haombi ekicholong, hata kukiruka tu akiwa anapita ni makosa. Mimi nimezaliwa hapa na sijawahi kukigusa cha babu yangu. Ata Natabo akafunga mdomo katikati ya goti. Nikatafuta mahali pa kuangalia, na safari hii hata povu halikuwepo.

Apa Ekitela akakigonga kigoda kwa vidole.

"Hiki," akasema, "ni cha babu yangu."

Nilimwomba Mungu Venla anyamaze.

"Babu yuko wapi?" Venla akauliza.

"Alikufa mwaka wa njaa kubwa."

"Pole."

"Asante. Nenda umwombe."

Mzee wa kulia ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaanza kukohoa, wakampiga mgongoni. Halafu wote. Wanawake wa mchele wakaweka ungo chini. Apa Ekitela mwenyewe alifuta macho kwa ncha ya shuka. Nikamkanyaga Venla mguu, na nikamwonyesha nguzo kwa kidevu.

"Basi nipe mbuzi," Venla akasema.

Kicheko kikapungua, lakini hakikuisha. Kilikaa kando kusikiliza.

"Mbuzi," Apa Ekitela akasema, akimgeukia Namba Saba kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Mbuzi ni wa wakwe. Wako njiani. Wamepita Archers Post."

"Nipe kabla hawajafika."

"Nipe wewe kwanza ile mashini yako. Ile inafunguka kama kitabu. Msichana wangu anaolewa, ataangalia picha."

Nilimwona Venla akishika mkoba wake. Kompyuta ilikuwa ndani, na ndani ya kompyuta kulikuwa na siku hamsini na tisa za Namba Saba. Niliona mkono unaanza kufungua zipu. Ilikuwa tabia ya wiki nane, mkono wenyewe ulikuwa umezoea. Ukafika katikati, ukasimama.

"Mashini ni ya mama yangu," Venla akasema.

"Mama yuko wapi?"

"Ufini. Yuko mzima. Lakini ukimwomba hatasikia, hata mlango haufungui."

Wazee walipiga makofi. Kweli, walipiga makofi, kama harusi imeanza. Apa Ekitela akasimama, akaenda mwenyewe mpaka kwenye nguzo, akamfungua Namba Saba.

"Nimekunyima kigoda," akasema. "Siwezi kukunyima mara mbili siku moja mbele ya watu, nitaonekana sina kitu. Chukua." Akainama karibu na sikio lake, lakini Apa Ekitela ana sauti ya kuitia ng'ombe, tulisikia sote. "Na asante kwa kuja. Tangu Jumatano silali. Huyu mbuzi analia usiku, na anawaka."

Kisha akaniangalia mimi, nikajua kwamba aliyakumbuka yale mapovu.

"Nipe mbuzi mwingine basi," akaniambia. "Wakwe watakula nini?"

"Nitakuletea kesho, Apa," nikasema.

"Kesho ni vizuri," akasema, akarudi kukaa. Alikuwa na mbuzi kumi na wanne nyuma ya nyumba.

Jumamosi saa nne Pentti alishuka kwenye teksi mbele ya geti letu, mwanamume mrefu kuliko hata Venla, mzani begani, ufunguo mdogo kwenye mnyororo. Alimpima Namba Saba mara tatu. Mara ya tatu alivua miwani.

"Ameongezeka kilo mbili tangu ulipompima Jumatano asubuhi," akasema kwa Kiingereza, akiangalia kompyuta. "Na hii safari hapa, Chechelesi. Nini kilitokea?"

"Alialikwa harusi," Venla akasema.

Pentti akaandika hivyo hivyo. Akafungua mkanda. Namba Saba akajikuna shingo kwenye ukuta kwa dakika nzima, amefumba macho.

Ndipo Ata Natabo akaingia, mapema kama kawaida yake, kofia kichwani. Alikuwa anakuja kutuchukua twende kanisani kwenye harusi. Akamwona yule mgeni mpya, akamzunguka mara moja, akatafuta. Mkononi Pentti alikuwa na saa kubwa ya chuma, ya kupanda nayo milima.

"Ejok," Ata Natabo akamwambia. "Nipe hiyo saa."

Pentti alimwangalia, kisha akaiangalia saa. Akanyamaza mwili mzima. Na nikaona vidole vyake vinaenda taratibu kuifungua saa.

Venla akamshika mkono.

"Hiyo saa, Ata," akasema, "ni ya mama yake. Lakini yeye anataka kujua habari za goti."

Ata Natabo akavuta ndoo, akaigeuza, akamwonyesha profesa akae.